Na Usingizi Je?

Habari za asubuhi, msikilizaji.

Nimenyamaza kidogo ili unijibu. Redio hainipi nafasi ya kulisikia jibu lako, lakini siku hizi hata tunapoonana uso kwa uso majibu hatuyasikii. Mtu anauliza "habari za nyumbani?" na mguu mmoja umeshapita. Mwenzake anasema "nzuri", hata kama usiku mzima amekodolea macho dari. Watoto je? Wazima. Kazi? Inaenda. Tumerithi salamu ndefu na nzuri, kila kipengele cha maisha kimewekewa swali lake, kisha sisi tumezigeuza kuwa kama kugonga mlango wa nyumba ambayo hatuna nia ya kuingia.

Mwaka aliofariki mama yangu, nilijibu "nzuri" miezi mitatu mfululizo. Arobaini ilipita, ndugu wakarudi Tanga na Korogwe, turubai likashushwa, masufuria ya kukodi yakarudishwa kwa mwenyewe. Watu hawakunitupa, tena walinisalimu kila siku. Ila aliyenishika alikuwa fundi cherehani wa mtaani kwetu Magomeni, mzee aliyeweka benchi la mbao nje ya kibanda chake. Nilimpelekea suruali aipunguze kiuno. Akanipima, akatazama futi, akanitazama mimi. Akasema: "Mwanangu, umepungua inchi mbili tangu Idi. Na usingizi je?"

Swali hilo sikuwa na jibu lake la kukariri. Nilikaa kwenye lile benchi mpaka adhana ya Alasiri. Yeye alikuwa anapinda nguo, anakata uzi kwa meno, anasikiliza. Hakuniambia nikaze moyo. Nilipoinuka alisema tu, "Kesho upite."

Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za benchi jingine, lililoko Harare, Zimbabwe, nikaelewa kwamba alichokifanya fundi yule kina watu waliokipima kitaalamu. Asubuhi ya leo nataka kukueleza habari za benchi hilo, kwa sababu tunapoulizana siku hizi juu ya furaha ya moyo, tunaelekezwa zaidi kwenye vitu vya kununua.

Mwaka 2005 Dixon Chibanda alikuwa daktari wa magonjwa ya akili mjini Harare, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 12 na madaktari wa aina yake wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka huohuo serikali ilibomoa nyumba na vibanda katika miji ya nchi hiyo, na Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu 700,000 walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili. Katika kipindi hicho Chibanda alimpoteza mgonjwa wake, binti aliyejitoa uhai. Alikuwa arudi kwa daktari, lakini yeye na mama yake walikosa nauli ya basi, dola 15. Daktari mwenyewe ameisimulia habari hii mara nyingi hadharani. Ilimfanya ajiulize kwa nini alikuwa anawasubiri wagonjwa hospitalini, badala ya huduma kuwafuata walipo.

Akaenda kitongoji cha Mbare. Wauguzi aliowaomba walikuwa wamelemewa na kazi, na vyumba vya zahanati vilikuwa vimejaa. Alichopewa ni bibi 14 waliokuwa wakijitolea kuhudumia afya ya jamii, na nafasi ya nje, chini ya miti. Alikiri baadaye kwamba alikuwa na wasiwasi: bibi hawa wangeweza nini mbele ya ugonjwa uliompa shida kuutibu yeye aliyeusomea? Mwaka 2006 wakaanza, kwenye benchi.

Kwanza aliliita benchi la afya ya akili. Watu wakalipita mbali. Nani akubali kuonekana na mtaa mzima amekaa kwenye benchi la wagonjwa wa akili? Ni wale bibi waliomwambia abadili jina. Likaitwa, kwa Kishona, Chigaro Chekupanamazano, yaani benchi la kupeana mashauri. Sikiliza lile neno lililo katikati, kupana. Ni letu pia, wa pwani tunapana mikono na tunapana pole. Na maradhi yenyewe hawakuyaita kwa jina la vitabu. Waliyaita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Mswahili yeyote analijua gonjwa hilo, maana kwetu linaitwa "ana mawazo".

Sasa, bibi hufanya nini hasa? Hapa ndipo ningeomba uegeshe kikombe cha chai. Mgeni huulizwa maswali 14, yaliyotungwa hukohuko Zimbabwe kwa maneno ya watu wa huko. Umekuwa ukiwaza mambo mengi? Tumbo linauma? Kazi zako zinalala? Umepoteza usingizi? Ndiyo, usingizi umo. Kisha bibi husikiliza. Hatua ya kwanza wanaiita kuvhura pfungwa, kufungua fikra: mtu anayataja matatizo yake yote, kodi ya nyumba, mume mlevi, mtoto mgonjwa, deni. Halafu yeye mwenyewe, siyo bibi, anachagua tatizo moja. Moja tu. Wanalitazama pamoja na kutafuta hatua ndogo ambayo mgeni anaweza kuichukua kabla ya kurudi. Akirudi anaulizwa: ilikuwaje? Mikutano hufika sita. Baadaye huunganishwa na kikundi cha waliopitia benchi hilo, ambako hukaa pamoja wakifuma mifuko kwa plastiki zilizotupwa, huku wanazungumza.

Wataalamu walilifanyia benchi hilo jaribio la kisayansi katika zahanati 24 za Harare, kwa watu 573, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016 katika jarida la chama cha madaktari cha Marekani. Baada ya miezi sita, kati ya waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa, nusu walikuwa bado na dalili za sonona. Kati ya waliokaa na bibi, ni asilimia 13.7. Mpango huo umeshavuka mipaka hadi Malawi, na hadi kwetu Zanzibar.

Zanzibar, msikilizaji, kisiwa ambacho nyumba yake ya mji haikamiliki bila baraza ya mawe mbele ya mlango! Benchi tulikuwa nalo kabla ya kusikia la Harare. Basi kwa nini mtu anaweza kukaa barazani miaka ishirini, kila jioni, kahawa na kashata mkononi, na asiwahi kusema kinachomla?

Kwa sababu barazani tunashauri kabla ya kusikia. Mwenzako akisema neno moja, tayari watu watano wana dawa: muombe Mungu, oa mke mwingine, achana naye, kaza moyo wewe ni mwanamume. Na kwa sababu ya umbea, tukubali. Siri ya Alasiri ikifika Magharibi imeshazunguka mtaa. Bibi wa Harare hufundishwa kutunza siri, na nyuma yao wapo wanaowasimamia, na mgeni aliyezidiwa hupelekwa kwa wauguzi na madaktari. Upendo wa bibi upo, lakini umewekewa utaratibu. Naamini hapo ndipo penye uzito wa jambo hili, kwamba kusikiliza ni kazi ya kufundishwa, kama kushona.

Kuna msikilizaji anayesema moyoni kwamba upweke ni ugonjwa wa Wazungu, wanaoishi ghorofani bila kumjua jirani. Mimi nami nilidhani hivyo. Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake juu ya mahusiano ya watu: mtu mmoja kati ya sita duniani ana upweke, na katika nchi za kipato cha chini ni kama asilimia 24, zaidi ya mara mbili ya nchi tajiri. Kwa hiyo umati si dawa. Mtu anaweza kubanwa kwenye daladala ya Mbagala, viwiko vya watu wanne mbavuni, na awe peke yake kabisa.

Na tukiwa ndani ya daladala, nikumegee la Chicago. Mwaka 2014 watafiti Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha utafiti wao juu ya abiria wa treni na mabasi. Baadhi ya abiria waliombwa wazungumze na mtu wasiyemjua aliyekaa karibu, wengine wakae kimya, wengine wasafiri kama siku zote. Abiria wengine waliulizwa tu wabashiri, nao wakasema kuzungumza na mgeni kutaharibu safari. Ikawa kinyume: waliozungumza ndio waliosema wameifurahia safari kuliko wenzao. Kila mmoja alikuwa ameziba masikio akidhani jirani yake hataki kusemeshwa. Zamani kwenye daladala zetu mtu alipokea mfuko wa aliyesimama akauweka mapajani, na mazungumzo yakaanzia hapo. Bado wapo wanaopokea, lakini siku hizi hedifoni hazitoki masikioni.

Nao utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, ulioanza mwaka 1938 na kuwafuata wanaume maisha yao yote, wanafunzi wa chuo hicho na vijana wa mitaa ya kimaskini ya Boston, umefika palepale. Robert Waldinger, anayeuongoza, anasema ukitaka kujua ni nani atafika miaka 80 akiwa na afya, tazama alivyoridhika na watu wake akiwa na miaka 50. Hilo lilibashiri vizuri kuliko kiwango cha lehemu katika damu.

Simwambii mgonjwa atupe dawa zake. Sonona ni ugonjwa, na hospitali ina kazi yake. Na mtu akikuambia amechoka kuishi, usimwachie namba ya simu ukaondoka. Kaa naye, kisha mwende pamoja, umshike mkono mpaka mlangoni kwa daktari.

Ninachokuomba leo ni swali la pili. La kwanza, "habari?", endelea nalo, ni letu. Jibu likija "nzuri", simama, mguu usitangulie. Uliza kitu kinachomhusu yeye peke yake, ambacho hakina jibu la kukariri. Kwa muuza mkaa, uliza kikohozi cha mkewe. Kwa dada wa ofisini aliyehamia majuzi kutoka Songea, uliza anakula wapi jioni. Kisha fanya lililo gumu zaidi kwetu sote: usishauri. Acha ukimya ukae katikati yenu, hata kama unakuwasha. Akimaliza, mwambie apite kesho. Na kesho uwepo.

Yule fundi wangu yuko hai, macho ndiyo yamemwisha. Cherehani anaendesha mjukuu wake, na mzee hushinda kwenye benchi lake, anapapasa vitambaa kwa vidole na kuvitaja jina. Alimzika mkewe mwezi uliopita. Watu wanampita wanasema "shikamoo mzee, habari?" Naye anaitikia, "Marahaba, nzuri."

Juzi nilikaa ubavuni pake. Nikamuuliza swali lake mwenyewe, na usingizi je? Alinyamaza muda mrefu, vidole vimesimama juu ya kitambaa. Kisha akaanza kunisimulia jinsi mkewe alivyokuwa akiamka saa kumi usiku kuwasha jiko, na jinsi yeye bado anazinduka saa ileile, akisubiri kusikia mlio wa kiberiti.

Hakumaliza. Alisema nipite leo. Kipindi hiki kikiisha, ndiko ninakokwenda.