Dari Mpya Katika Boti Kuukuu

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi vya Musoma, Bunda na Butiama



Nimeombwa nizungumze juu ya utunzaji wa mali ya chama. Jambo hilo ni pana, na mkutano huu una mengi ya kujadili. Kwa hiyo nitashika kitu kimoja tu, tena kidogo, nacho ni dari ya chumba cha boti.

Miaka michache iliyopita nilikagua chama kimoja cha msingi ambacho sitakitaja. Kilikuwa na boti ya mbao ya zamani, yenye chumba kidogo cha abiria. Kitambaa cha dari kilikuwa kimelegea na kuning'inia, na sponji ya nyuma yake ilikuwa imesagika kuwa unga ulioanguka juu ya vichwa vya watu. Kamati ikaamua kitambaa kibadilishwe kabla ya mkutano mkuu. Fundi mmoja mzee alishauri paa lichunguzwe kwanza, ijulikane maji yanaingilia wapi. Akajibiwa kwamba fedha zilizopitishwa ni za dari, si za paa. Kazi ikaisha kwa siku mbili, nayo ilipendeza.

Nilipofika nilikuta hati ya malipo, ankara na stakabadhi, zote zimetiwa sahihi. Niliingia botini, nikatazama juu, nikaisifu kazi, nikaandika kwamba matengenezo yamefanyika. Masika yaliyofuata, dari ile ilijaa maji ikafumuka. Ilipobanduliwa, mihimili miwili ya paa ilionekana imeoza kiasi cha kisu kuzama kama katika muhogo uliochemshwa. Boti ikakaa nchi kavu miezi mitatu bila nauli, na dari ikalipiwa mara ya pili. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini hati zilikuwa sawa na boti haikuwa sawa, nami nilikuwa nimeridhika na hati. Kosa lile lilikuwa langu pia, na ndiyo sababu ya mazungumzo haya.

Yatupasa kwanza kujua kwa nini dari huanguka. Sponji huchakaa kwa joto na unyevu. Ikisagika, gundi haina tena cha kushika. Hilo ni uzee wa kawaida. Lakini mahali penye madoa, ukungu au harufu ya uvundo, chanzo ni maji. Tusidanganyike kwamba boti imezoea maji. Mvua ni maji baridi, na maji ya ziwa letu ni baridi vilevile. Maji ya namna hiyo yakituama katika mbao zisizopata hewa, huziozesha. Tena maji huingia mahali pamoja, yakatambaa chini ya paa, yakadondoka mahali pengine kabisa. Kuziba palipo na doa tu si dawa.

Sasa utaratibu wa kazi. Waya wa betri ufunguliwe kabla ya kugusa taa. Vipande vya mbao vinavyoshikilia kingo vitolewe taratibu na kuandikwa namba, ili kila kimoja kirudi mahali pake. Kitambaa cha zamani kisitupwe, kwa kuwa ndicho kipimo cha kukatia kipya. Anayekwangua unga wa sponji na gundi ajifunike pua na mdomo.

Dari ikiwa wazi, kazi isimame. Mtu mmoja amwage maji juu ya paa sehemu kwa sehemu, akianzia chini kuelekea juu, na mwingine awe ndani na tochi. Mihimili yote ichomwechomwe kwa ncha ya kisu. Palipooza pakatwe na kutiwa mbao ngumu, mianya izibwe, kisha mbao ziachwe zikauke kabisa. Wajumbe wa kamati waje waone wakati huo, na mkaguzi akiwapo aitwe. Baada ya hapo hakuna atakayeona tena.

Kuhusu dari mpya, ushauri wangu ni kwamba kitambaa kisigandishwe moja kwa moja kwenye paa. Zikatwe mbao nyembamba za plaiwudi, zipakwe rangi pande zote, zivishwe ngozi bandia, kisha zifungwe kwa skurubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Dari ya namna hiyo hufunguliwa kila mwaka kwa bisibisi, paa likatazamwa, ikarudishwa bila hasara. Gundi itumike milango ikiwa wazi na moto ukiwa mbali, kwa sababu mvuke wake huwaka. Sponji nayo isikaribie bomba la moshi wa injini. Ikishika moto hutoa moshi wenye sumu, na katika chumba chenye mlango mmoja watu hawana pa kukimbilia.

Upande wa vitabu, dari mpya ni matengenezo. Gharama yake iingie katika matumizi ya mwaka huo, isiongezwe kwenye thamani ya boti katika daftari la mali. Na kamati inapoomba idhini ya mkutano mkuu, iombe fedha za uchunguzi na za paa pamoja na za dari. Kama paa ni zima, fedha hizo zitabaki, na wanachama wataelezwa hivyo.

Ndugu zetu wa Butiama, na wale wa Bunda walio mbali na Ghuba ya Speke, wasidhani haya hayawahusu. Ghala la pamba lina paa, na chini ya paa mara nyingi pana dari. Pamba ikilowa hupoteza daraja, na bei hushuka pamoja nayo.

Meli za MV Victoria na MV Butiama zilikuwa za zamani, zikakarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020. Basi chombo kikuukuu si aibu kwa chama. Ninachoomba ni kwamba mkaguzi ajaye akitaka kuona juu ya dari, mumpe bisibisi, na asipotaka, mumshikishe.