Uvumi wa Jiwe la Angani

Uvumi unaorudi kila mara katika simu zetu, ya kwamba jiwe liitwalo Apophis litaigonga dunia tarehe 13 Aprili 2029 na kuihiliki, hauna asili katika elimu ya falaki, kwani wataalamu wa Marekani walipolipima kwa rada mwaka 2021 walithubutisha kuwa halitatugonga kwa muda wa miaka 100 ijayo, bali siku ile litapita umbali wa kilomita 32,000 hivi.

Mtu wa kwetu Ipinda aliyeingiwa na hofu na apande mpaka Ndolezi, wilaya ya Mbozi, akaweke kiganja juu ya kimondo kile cha chuma na nikeli, kirefu kama mita 3, kizito tani 12 au zaidi kwa makisio, kigumu hata wachunguzi wa mwaka 1930 wakalazimika kukikereza kwa msumeno saa nyingi wapate kipande kidogo tu. Kilianguka zamani mno, wala ulimwengu haukwisha.

Nawasikitikia hasa watoto, wanaozipokea video za uvumi huu usiku pasipo mtu wa kumuuliza, ilhali mtungaji aghalabu hutafuta watazamaji na malipo yake.

Walimu wetu na wawaandae mapema, maana usiku wa kuamkia Jumamosi, 14 Aprili 2029, mawingu ya masika yakijaalia kufunguka, Apophis itaonekana kwa macho matupu kutoka Afrika.