Hasira Bila Karatasi Haitufikishi: Tujifunze kwa Mehdi Hasan



Ndugu zangu, dada zangu, wengi wenu mmemwona Mehdi Hasan kwenye simu akimbana mwanasiasa. Mkacheka, mkamtumia rafiki, mambo yakaishia hapo. Leo tuangalie alikotoka na vile anavyofanya kazi.

Alizaliwa Swindon, Uingereza, mwaka wa 1979. Wazazi wake ni Waislamu wa Kishia waliohamia huko kutoka Hyderabad, India. Baba injinia, mama daktari. Hata hapa kwetu, mtoto wa nyumba kama hiyo anatarajiwa afuate njia hiyo hiyo. Yeye alisomea falsafa, siasa na uchumi Oxford, kisha akaingia kwa habari.

Mehdi amesimulia kwamba baba yake aliweka sebuleni kile kitabu cha Salman Rushdie, The Satanic Verses. Wageni Waislamu wakija wanashtuka. Mzee anawajibu kuwa huwezi kupinga kitu hujakisoma. Msinielewe vibaya, sisemi mkakinunue. Nasema shikeni ile kanuni, maana ndiyo iliyomjenga mtoto.

Mwaka wa 2019, kwenye kipindi chake cha Al Jazeera, alimhoji Erik Prince, mwanzilishi wa kampuni ya Blackwater. Akamuuliza mbona hakuiambia kamati ya Bunge la Marekani kuhusu mkutano wa Agosti 2016 katika jumba la Trump Tower. Prince akasema aliwaambia. Mehdi alikuwa amesoma maandishi ya ule ushahidi, na hiyo habari haikuwemo. Aprili mwaka huo huo, mwenyekiti wa kamati, Adam Schiff, alipeleka suala la ushahidi wa Prince kwa Wizara ya Sheria. Mehdi hakumtukana mtu. Alikuwa amesoma tu.

Baadaye alikuwa na kipindi MSNBC. Novemba 2023, vita vya Gaza vikiendelea, ikatangazwa kipindi kinafutwa. Januari 2024 akaaga kituo, na mwaka huo akaanzisha chombo chake mwenyewe, Zeteo.

Sasa turudi kwetu. Tunaenda baraza la chifu tukiwa na uchungu wa kweli: vitambulisho vinacheleweshwa, ardhi haina hati, kijana amepotea. Tunapaza sauti, afisa anatuuliza, "Ushahidi uko wapi?" Tunanyamaza, yeye anaenda zake.

Wewe unayesoma hapa, haki ya kupata habari unayo. Iko kwenye Kifungu cha 35 cha Katiba, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa afisi ya umma siku 21 kukujibu. Andika barua. Weka nakala, ipigwe muhuri. Wakikunyima, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Andika tarehe, jina la afisa, na alichosema. Soma pia hoja ya upande wa pili kabla hujaijibu.

Na nyinyi wazazi, binti akisema anataka uandishi wa habari, msimkatize. Miaka mingi tumezungumziwa kwenye televisheni. Tunahitaji watoto wetu wawe wale wanaouliza maswali.

Qur'ani inatuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuitendea kazi. Tuanze na hapo.

Wabillahi tawfiq.