Mradi Usimtegemee Mtu: Faida za Njia Sanifu ya Kusimamia Miradi katika Halmashauri



Tunapozungumzia faida za kusimamia miradi kwa njia moja sanifu, kwa kawaida tunataja muda, gharama na ubora. Zote ni za kweli. Kwa halmashauri zetu, hata hivyo, ipo faida inayozitangulia hizo, nayo ndiyo nitakayoitetea leo: njia sanifu huutoa mradi kichwani mwa mtu mmoja na kuufanya kuwa mali ya taasisi.

Chukua darasa linalojengwa kwa utaratibu wa force account, yaani shule yenyewe kununua vifaa na kumlipa fundi bila mkandarasi. Mkuu wa shule ndiye anayejua fundi ameshachukua kiasi gani. Ndiye anayejua kwamba mifuko kadhaa ya saruji imeazimwa na zahanati ya jirani, na kwamba mhandisi aliagiza kwa mdomo dirisha la nyuma lisogezwe. Barua ya uhamisho inafika. Ofisi inakabidhiwa haraka haraka: funguo, mhuri, vitabu vya risiti. Mkuu mpya anakuta kuta zimefika kwenye lenta, stoo haina kitu, na fundi amekaa barazani anadai. Huenda hakuna aliyeiba hata shilingi, lakini kazi imesimama, kwa sababu kumbukumbu yote ya mradi imepanda basi na kwenda wilaya nyingine. Ukipita vijijini ukaona maboma yenye nyasi ndani, usikimbilie kusema pesa zililiwa. Mengine yalikosa mtu wa kuyaendeleza baada ya yule aliyeyaanza kuondoka.

Wenzetu nao walitafuta njia sanifu katika kazi za aina nyingine. Mwaka 1989 Serikali ya Uingereza ilianza kutumia njia iliyoitwa PRINCE kwa miradi yake ya kompyuta, na mwaka 1996 ikatoka PRINCE2, inayofaa mradi wa aina yoyote. Marekani, taasisi ya PMI ilianzishwa mwaka 1969, na ndiyo inayotoa mwongozo wa PMBOK unaosomwa sana na wahandisi wetu. Mwaka huohuo wa 1969 shirika la USAID lilipata bangokitita (logframe), ambalo kila aliyewahi kuandika andiko la kuomba fedha analifahamu. Hapa nyumbani, Tume ya Mipango ilitoa mwongozo wake wa kusimamia uwekezaji wa umma mwaka 2015. Njia hizi zinatofautiana kwa mengi, ila kwa pamoja zinauliza maswali ya msingi: mradi huu ni wa nini, nani anaamua nini, na tutajuaje kwamba kazi imekamilika? Majibu yanaandikwa mahali ambapo mwingine atayakuta.

Tanzania tunao mfano wetu mkubwa wa kile kinachowezekana. Mwaka 2021 nchi ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19. Sehemu ya fedha hizo ilipangiwa madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Mpango ulizinduliwa Oktoba, na wanafunzi wa kidato cha kwanza walitakiwa kuingia Januari. Wengi wetu humu tulikuwa kwenye kazi hiyo. Mnakumbuka kilichoibeba: kiasi kimoja cha shilingi milioni 20 kwa darasa, kamati zilezile za ujenzi, manunuzi na mapokezi katika kila shule, na taarifa zilizopanda kwa mtiririko mmoja kutoka shuleni hadi wizarani. Hakuna shule iliyohitaji kubuni upya namna ya kujenga darasa. Hiyo ndiyo njia sanifu ikifanya kazi, hata kama hakuna aliyeiita hivyo siku zile.

Mfano huohuo unaonyesha pia pale usanifishaji unapobana. Saruji inayovuka ziwa kwenda Ukerewe, au bahari kwenda Mafia, haiwezi kumfikia mjenzi kwa bei ya saruji iliyonunuliwa barabarani Morogoro. Ndiyo maana PRINCE2 yenyewe imeweka kati ya kanuni zake saba kanuni inayotaka njia irekebishwe kulingana na mradi na mazingira. Kinachopaswa kubaki kimoja ni maswali, mamlaka na kumbukumbu. Bei na ratiba ni lazima zifuate mahali.

Sasa niingie kwenye jambo ninaloliona kuwa kiini cha njia sanifu, yaani kugawa kazi kwa hatua na kutovuka hatua mpaka iliyotangulia ithibitishwe. Twende eneo la ujenzi siku ya kumwaga zege la lenta. Nondo zimefungwa, mbao za pembeni zimepigiliwa, kokoto na mchanga viko tayari, saidia fundi wameshalipwa posho ya siku. Mhandisi hajafika. Zege likishamwagwa, hakuna atakayeona tena kama nondo zilikuwa nne au tatu, za milimita 12 au za 10, wala kama ringi zilifungwa kwa nafasi inayotakiwa. Huo ndio mwisho wa uwezo wetu wa kujua. Njia sanifu inasema wazi: hapa kazi isimame, akague mhandisi, asaini, ndipo zege limwagwe. Kuwapa vibarua posho ya siku moja ya kungoja ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kubomoa lenta iliyopasuka juu ya vichwa vya watoto.

Lakini tuseme ukweli kuhusu kinachotufanya tusisubiri. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30, na fedha ikichelewa kufika, kila mtu anaogopa isije ikarudi Hazina. Basi Mei na Juni zege linamwagwa usiku kwa taa za pikipiki, na plasta inapigwa kwenye ukuta ambao haujakauka. Mkuu wa shule peke yake hawezi kupambana na presha hiyo. Akiwa na utaratibu ulioandikwa, uliosainiwa na mkurugenzi, wenye vituo vya ukaguzi visivyorukwa, anapata kitu cha kushika anapopigiwa simu na kuulizwa kwa nini kazi haiendi. Hapo njia sanifu inamlinda mtumishi mdogo aliye mwaminifu, na kwangu mimi faida hiyo ni kubwa kuliko kuokoa wiki mbili.

Inamlinda pia mbele ya mkaguzi. Leo, Mwenge wa Uhuru unapokuja, au timu ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, nyaraka hutafutwa kwa siku kadhaa kwenye mabegi na simu za watu. Kamati ya mapokezi ikijaza leja siku mzigo unaposhushwa, mbele ya dereva, na fundi akisaini kila mfuko unaotoka stoo, siku ya ukaguzi inakuwa siku ya kawaida.

Najua pingamizi lililopo, kwamba haya ni makaratasi kwa watu ambao tayari wana kazi nyingi. Ni pingamizi la haki. Darasa moja halihitaji nyaraka za bwawa la kufua umeme. Linahitaji andiko fupi, mpango kazi wenye BOQ (orodha ya vifaa, kazi na gharama zake), daftari la eneo la ujenzi ambamo maagizo yote ya mdomo yanaandikwa siku hiyohiyo, leja ya stoo na hati ya makabidhiano. Ukiongeza nyaraka zaidi ya hizo, zitajazwa siku moja kabla ya ukaguzi, na nyaraka ya aina hiyo ni hatari kuliko kutokuwa nayo.

Kwa miradi ya maji neno ni moja tu. Jumuiya za watumia maji zina nafasi yao kisheria, kwa hiyo andiko la mradi lizihesabu. Andiko likieleza kwamba zao la mradi ni tangi na vituo vya kuchotea, mradi utafungwa siku tangi linapojaa. Likieleza kwamba zao ni maji bombani pamoja na jumuiya inayokusanya fedha ya kununua dizeli na kumlipa fundi, hakuna atakayesaini mapema.

Napendekeza tuanze na miradi ya mwaka wa fedha ujao: muundo mmoja wa jalada kwa halmashauri nzima, na makabidhiano ya mradi yaambatane na makabidhiano ya ofisi kila mtumishi anapohamishwa. La mwisho linahusu kipindi baada ya ujenzi. Kwenye mkataba, mkandarasi hurudi kurekebisha kasoro kabla hajalipwa sehemu iliyozuiliwa. Kwenye force account hakuna wa kurudi, kwa kuwa fundi ameshalipwa na kuondoka. Naomba katika majadiliano tuamue ni nani atakayepanda juu ya paa baada ya mvua za kwanza, na malipo ya kazi hiyo yatatoka kifungu gani cha bajeti.