Daktari wa nafsi yake



Ndugu zangu vijana, na wazazi mlio nasi, leo nawasema wenzangu tunaosomea udaktari. Mtu yuko mwaka wa pili, ashajua majina ya dawa, basi haendi tena kwa daktari. Mafua kidogo, mbio duka la dawa kununua amoksilini. Mafua ni virusi, na amoksilini huua bakteria tu! Akipata nafuu siku ya tatu, vilivyobaki anamwekea mdogo wake.

Sasa tazama Ramadhani. Dozi ya kila saa 8 anaikusanya: vidonge vitatu pamoja wakati wa futari, basi, mpaka kesho magharibi. Kumbe dawa ile hutoka mwilini upesi, mchana kutwa bakteria wanastarehe. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini 1928, alishaonya mwaka 1945 kuwa dozi pungufu huwazoesha vijidudu dawa.

Na nani kamlazimisha? Mgonjwa ameruhusiwa kula, akalipa siku nyingine. Kama waweza kufunga, muulize daktari. Kuna dawa za mara moja au mbili kwa siku, zaenda sawa na daku na futari. Nawe mama, mwanao wa chuo akikuletea vidonge, mwulize kwanza: hivi aliandikiwa nani?