Babu zetu walikuwa pande zote mbili

(Maneno yaliyosomwa kwenye sherehe ya Uhuru, Jordbro)

 

Leo tunakumbuka 9 Desemba 1961. Jina Tanganyika lilitolewa na Waingereza mwaka 1920, baada ya kumnyang'anya Mjerumani nchi katika Vita Kuu ya Kwanza. Tumeomba dakika chache tuizungumzie vita hiyo, na sababu yake nyumba kadhaa humu zinaijua.

Ulaya iligawanyika: Ujerumani, Austria na Uturuki huku, Uingereza, Ufaransa, Urusi na Ubelgiji kule. Babu zetu hawakuulizwa. Wa Moshi akawa wa Mjerumani, wa Taveta akawa wa Mwingereza, na hao ni watu wa gulio moja! Tanga, Novemba 1914, Waingereza walishusha askari wa Kihindi, wakapigwa risasi, na nyuki nao wakatoka mizingani. Hadi leo huitwa vita vya nyuki.

Lakini waliokufa zaidi hawakuwa na bunduki. Walikuwa wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa kupita 90,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps; kambi yake Dar es Salaam ndiyo Kariakoo, pale tunaponunua khanga tukienda likizo. Vita vilikwisha 11 Novemba 1918. Siku mbili baadaye watu wetu walikuwa bado vitani karibu na Kasama, kwa kuwa habari haijawafikia.

Sasa sababu yenyewe. Sweden, iliyokaa muda mrefu nje ya miungano ya kijeshi, iliingia NATO tarehe 7 Machi 2024. Vijana wetu wenye uraia wakitimiza miaka 18, wa kike na wa kiume, huletewa maswali na Plikt- och prövningsverket, na kujibu ni lazima. Binti mmoja wa hapa Jordbro alimwuliza mama yake, "Hii ni kama ya babu?" Mama akakosa la kusema.

Sisi wenyewe hatukubaliani. Wapo wanaosema nchi iliyotupokea tuilinde. Wapo ambao wakisikia neno jeshi hawalali. Ila tofauti moja tunaiona: binti huyu ana kura, na anaweza kusoma anachotakiwa kukijibu. Babu alifungwa mzigo kichwani tu. Basi wazazi, fomu ile tusiwaachie waijaze peke yao chumbani usiku.

Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, ya mwaka 1927, haina jina la mtu hata mmoja. Kwa hiyo tumeweka daftari mezani, karibu na birika la chai. Mwenye babu aliyekuwa askari au mpagazi, wa upande wowote, aandike jina lake na kijiji chake. Kalamu ziko mbili.