Nyumba Inauzwa, Jirani Anadai
Maandishi ya mazungumzo kwa wakaazi wa Thika na Ruiru



Thika na Ruiru zimejengwa kwa kubanana. Ploti ya futi 50 kwa 100 imekuwa kipimo cha kawaida, na ukuta wa mmoja ndio mpaka wa mwingine. Mahali pengi, hasa ukielekea Juja, udongo ni ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Mtu akiumwagia ua wake wote saruji bila kuacha mtaro, maji ya masika huelekea kwa jirani. Msingi wa jirani hulowa, ukuta hufanya nyufa, na dai linazaliwa hata kabla hakuna aliyetamka neno.

Dai hilo linaweza kulala kwa muda mrefu. Mara nyingi huamka siku tangazo la kuuza nyumba linapobandikwa kwenye geti.

Chukua mfano wa mama anayeuza nyumba yake Ruiru. Mnunuzi amepatikana, mkataba umetiwa sahihi na asilimia 10 ya bei iko kwa wakili. Jioni moja jirani anabisha. "Mama, maji yako yameangusha ukuta wangu. Fundi amesema ni shilingi 280,000. Huhami hapa kabla hujanilipa."

Wapo wanaonyamaza na kuharakisha uuzaji, wakiamini kwamba wakishahama shida ni ya mnunuzi. Wapo wanaolipa chochote wanachoambiwa ili mnunuzi asisikie. Wote wawili wanajipeleka pabaya, ingawa yule wa kwanza ndiye anayeumia zaidi.

Kuuza nyumba hakufuti dai. Hasara iliyotokea nyumba ikiwa mikononi mwa mama ni dai dhidi ya mama mwenyewe. Kwa madai ya namna hii, Sura ya 22 ya sheria za Kenya kwa kawaida humpa aliyeumia miaka 3 kwenda mahakamani. Mama anaweza kuwa ameshahamia Nyeri, pesa za nyumba zimekwisha, kisha akaletewa samansi.

Mnunuzi naye hayuko salama. Hadaiwi ukuta uliokwisha anguka, lakini maji yakiendelea kupita palepale naye anajua, hasara inayofuata inaweza kuwa yake. Kuna kesi mashuhuri ya mwaka 1940 huko Uingereza, Sedleigh-Denfield dhidi ya O'Callaghan. Mtaro ulikuwa umejengwa katika ardhi ya watawa na watu wengine, bila ruhusa yao, na wavu wa kuzuia takataka ukawekwa mahali pasipofaa. Mtaro ukaziba, mvua ikanyesha, jirani akafurikiwa. Watawa hawakuujenga, lakini walijua upo na waliutumia, wakapatikana na lawama. Misingi ya sheria hiyo ya kawaida ya Uingereza hutumika pia katika mahakama za Kenya. Ndiyo maana wakili wa mnunuzi huuliza kama kuna mgogoro wowote na majirani, na jibu la uongo linaweza kumpa mnunuzi nafasi ya kuvunja mkataba au kudai fidia. Ni afadhali mnunuzi aambiwe mapema, kwa maandishi, pamoja na hatua zinazochukuliwa.

Je, jirani anaweza kuzuia uuzaji? Wengi hutishia kwenda kwa Msajili wa Ardhi kuweka kizuizi cha tahadhari kwenye rejesta. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 71, inampa nafasi hiyo hasa mtu mwenye haki fulani katika ardhi yenyewe, kama vile aliyeinunua. Anayedai pesa za ukuta hana haki katika ardhi ya mama. Na kifungu cha 75 kinasema kwamba anayeweka kizuizi bila sababu ya maana anaweza kulipishwa fidia. Hata hivyo kizuizi kibaya nacho huchukua muda kuondolewa, na mnunuzi mwenye haraka hangoji. Kwa hivyo kushinda kisheria si sababu ya kumfukuza jirani getini.

Mambo hubadilika kama ugomvi ni wa mpaka, yaani jirani anasema ukuta wa mama umeingia kwake. Kifungu cha 18 cha sheria hiyohiyo kinaizuia mahakama kusikiza ugomvi wa mipaka kabla Msajili hajaiamua mipaka yenyewe. Hapo anatafutwa mpima ardhi mwenye leseni, na mama asikubali kuhamisha hata jiwe moja kwa maneno ya fundi.

Turudi kwenye maji, maana hapo ndipo kesi nyingi zilipo. Swali la kwanza ni maji yalitoka wapi. Picha zipigwe siku mvua inaponyesha, zikionyesha njia ya maji tangu juu hadi kwenye ukuta. Mhandisi aangalie msingi: ukuta wa mawe uliojengwa juu ya udongo mweusi bila kuchimbwa vya kutosha huanguka hata maji ya jirani yasipoufikia. Pengine maji yametoka kwenye mtaro wa barabara ulioziba, na hapo dai si la mama. Mtaro kama huo uripotiwe kwa msimamizi wa wadi kwa barua, nakala ibaki. Mama pia atafute kibali cha ujenzi cha ua na ukuta wake. Kama hakipo, ofisi ya mipango ya kaunti ndogo ndiyo mahali pa kuanzia, kwa sababu wakili wa mnunuzi atakiulizia. Na watu wasichanganye: cheti cha kutodaiwa kodi ya ardhi kinachotolewa na kaunti hakisemi lolote kuhusu majirani.

Kisha kuna zile 280,000. Hiyo ni bei ya fundi mmoja, na huenda ni ya ukuta mpya mrefu kuliko ule wa zamani. Makadirio mawili mengine yatafutwe. Kama nyumba ina bima, kampuni iarifiwe kabla mama hajakubali kosa, kwa kuwa bima nyingi hukataa kulipa mteja akishajitwika lawama mwenyewe.

Wakikubaliana, chifu au mzee wa mtaa anaweza kuwa shahidi mzuri, ingawa chifu hana uwezo wa kusimamisha uuzaji. Katiba, kifungu cha 159, inahimiza upatanisho. Lakini makubaliano yaandikwe: kiasi, tarehe ya kulipa, kazi ya mtaro na nani anaifanya, na sentensi inayosema kwamba jirani hatadai tena chochote kuhusu ukuta huo kutoka kwa mama. Pesa zinaweza kushikiliwa na wakili kutoka kwenye bei ya nyumba na kulipwa siku ya kukamilisha. Hivyo mama hatoi pesa mfukoni kabla ya kuuza, na jirani hahitaji kukaa getini akichunga lori la kuhama.

Wasipokubaliana, Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai ya hadi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya uharibifu wa mali, na mahakama hiyo ipo Thika. Jirani anaweza kwenda bila wakili. Sheria yake ya mwaka 2016 inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Mikataba mingi ya kuuza nyumba hutoa siku 90 za kukamilisha. Jirani akifungua kesi wiki ile ile aliyobisha geti, mama anaweza kuwa na hukumu mkononi kabla hati haijahamishwa, na wakili wake akajua ni kiasi gani hasa cha kushikilia.